Posta Kuna Vyumba, Kariakoo Kuna Watu

Hoja iliyo mezani ni hii. Ghorofa za ofisi za katikati ya Dar es Salaam, eneo la Posta, zilizojengwa kwa ajili ya wizara, mabenki na kampuni kubwa, je, zifunguliwe kwa maduka madogo, mafundi na makazi ya watu, au ziendelee kusubiri wapangaji wa aina ile ile waliozijaza zamani?

Ukipita leo mitaa ya Samora, Ohio na Sokoine utaona mabango ya nafasi za kupangisha yamekaa mpaka jua limekula rangi. Vuka viwanja vya Mnazi Mmoja, mwendo mfupi tu wa miguu, uingie Kariakoo. Huko fremu ambayo watu wawili hawapishani ndani inagombewa kwa kilemba, ile fedha ya pembeni anayolipwa anayekuachia chumba, na mizigo imepanda hadi kwenye ngazi za nyumba. Huwezi kusema mji umepungukiwa watu. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi milioni 4.36 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta milioni 5.38. Wameongezeka watu milioni moja katika miaka kumi, na bado zipo sakafu nzima zenye viyoyozi na mandhari ya bahari ambazo hakuna anayezikanyaga isipokuwa mlinzi. Jambo hili linaniuma. Nimeona heri nilitoe kwa njia ya mjadala kuliko hotuba, kwa kuwa kila upande una ukweli wake. Sauti zifuatazo nimezitunga na kuzipa majina ya kazi. Hoja zao ni zile zinazozungumzwa maofisini, vibarazani na kwenye mabenchi ya kahawa.

MENEJA WA JENGO: Naomba nitangulie, maana lawama zote zinaishia mlangoni kwangu. Majengo haya hayakujengwa kwa kukurupuka. Mfuko wa pensheni unapokea leo mchango wa kijana atakayestaafu baada ya miaka thelathini. Fedha hiyo lazima iwekwe mahali itakapodumu, na kwa muda mrefu jengo la Posta lilikuwa mahali hapo. Mpangaji alikuwa Serikali na taasisi zake. Anachukua sakafu tatu kwa mkupuo, anasaini mkataba mrefu, hahamihami. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa tangu 1973, na wengi tulishazoea kuusikia bila kuuona. Safari hii ukatekelezwa. Waziri Mkuu akahamia mwaka uleule, wizara zikafuata, mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba. Waliokuwa wakiishi kwa ujirani wa wizara, mawakili, washauri, wachapaji, wakapunguza vyumba. Kampuni zilizobaki zikavutwa na maegesho ya magari ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Morocco, Makumbusho, hadi Masaki. Halafu 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF. Majengo yaliyokuwa yakinyang'anyana wapangaji yakawa ya mwenye mali mmoja. Niambieni, katika hayo yote, ni lipi nililofanya mimi?

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Kaka, nimekusikiliza vizuri. Umetutajia waliohama. Hujatutajia waliokuja kuuliza nafasi wakarudishwa. Mimi nilikuja. Nauza mikoba na viatu vya jumla, wateja wangu wako Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Moroni. Zamani walikuja wenyewe. Siku hizi wengi napiga picha, natuma WhatsApp, wanachagua, wanalipa, nafunga mzigo, unasafiri. Fremu ya chini naihitaji kwa sampuli na kwa jina langu kujulikana. Ninachokosa ni mahali pa kuwakalisha vijana wangu wenye simu, na stoo. Nikaenda Posta kutafuta chumba. Nikaambiwa nafasi ndogo kuliko zote ni mita za mraba mia mbili, bei ni kwa dola, malipo ya robo mwaka mbele, na juu yake gharama za huduma ambazo hakuna aliyeweza kunieleza zimehesabiwaje. Nikarudi Kariakoo nikalipa kodi ya mwaka mzima pamoja na kilemba. Fedha ninayo, kaka. Ninachokataa ni kulipia mita mia mbili wakati ninatumia kumi na tano.

MENEJA: La dola limeshakwisha. Kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni.

MFANYABIASHARA: Limekwisha kwenye karatasi. Mmechukua bei ileile ya dola, mkaizidisha kwa kiwango cha siku, mkaandika shilingi. Ukubwa wa chumba haukubadilika, wala malipo ya robo mwaka.

MWALIMU MSTAAFU: Mnaruhusu na mwenye mali aseme neno? Ninyi mnazungumza juu ya "jengo la mfuko" kana kwamba mfuko una mikono iliyochanganya saruji. Ule ni mshahara wangu, uliokatwa kila mwezi nikiwa nafundisha hesabu. Mwaka 2022 tuliambiwa kikokotoo kipya kitampa mstaafu mkupuo wa asilimia 33 ya mafao yake ili mifuko isiyumbe. Tukaumia, na mwaka 2024 ikaongezwa kidogo. Sasa namuuliza Meneja swali la darasa la saba. Una chumba hakina mtu. Kuna mtu hana chumba. Anayo fedha mkononi, pungufu ya bei yako. Kwa nini hushushi?

MENEJA: Mwalimu, nitakujibu bila kuficha. Thamani ya jengo la biashara mthamini anaipata kwenye kodi linayoingiza. Anachukua kodi ya mwaka, anaigawa kwa kiwango cha faida kinachodaiwa sokoni, hiyo ndiyo thamani. Tuseme jengo linahesabiwa kuingiza shilingi bilioni 2 kwa mwaka na soko linadai asilimia 8. Thamani yake itaandikwa bilioni 25. Nikishusha kodi kwa robo, inaandikwa bilioni 18.75. Bodi itaniuliza bilioni sita na ushei zimekwenda wapi. Nikiiacha sakafu tupu kwa bei ya zamani, naweza kueleza kwamba nafasi inasubiri mpangaji. Mthamini mkali atapunguza kwa ajili ya vyumba vitupu, kweli, lakini atapunguza taratibu. Zaidi ya hapo, nikimpa mpangaji mpya bei ya chini, aliyepo ghorofa ya juu yake atasikia ndani ya wiki moja, na mkataba wake ukiisha ataitaka hiyohiyo.

MWALIMU: Basi hasara imeshapatikana. Kilichobaki ni kuiandika.

MENEJA: Unaweza kusema hivyo.

MWALIMU: Nimeshasema.

Hapa naomba niingie kama mwandishi, kwa sababu jibu la Meneja ndilo kiini cha jambo zima, na mara chache linatamkwa hadharani. Tumezoea kuambiwa kwamba ofisi za Posta ziko tupu kwa sababu ya Dodoma, au korona, au foleni. Sababu hizo zinaeleza kwa nini wapangaji wa zamani waliondoka. Hazielezi kwa nini wapya hawajaingia. Wapya hawajaingia kwa sababu nafasi inauzwa kwa vipande vikubwa, kwa masharti ya mtu mwenye idara ya sheria, na kwa bei inayolinda hesabu za vitabu. Mji huu unanunua kila kitu kwa vipimo vidogo: umeme wa LUKU, bando la wiki, sukari ya robo. Kwa nini chumba cha biashara kiwe kitu pekee kinachouzwa kwa jumla?

MSANIFU MAJENGO: Mwandishi, usikimbie. Mimi nimechora majengo maisha yangu yote, na kabla ya kugawa sakafu nataka tuulizane sakafu hiyo inabeba nini. Katika vipimo vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi walifundishwa, sakafu ya nyumba ya kuishi inahesabiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ofisi ni kilo 250. Duka ni kilo 400. Stoo ni habari nyingine kabisa: kilo 240 kwa kila mita moja ya urefu wa mzigo. Panga maboksi mpaka mita tatu, umeshafika kilo 720. Sasa, mama, nieleze. Kariakoo unaweka wapi mzigo wako?

MFANYABIASHARA: Ghorofa ya tatu. Zamani zilikuwa nyumba za watu.

MSANIFU: Zilichorwa kwa kilo 150, au 200 kama mhandisi alikuwa mwoga. Unaona ninachokiogopa? Novemba 2024 ghorofa iliporomoka hapohapo Kariakoo ikaua watu zaidi ya 20, na taarifa za wakati ule zilitaja kazi ya kuchimba chini ya jengo. Machi 2013 jengo la ghorofa kumi na sita lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka likaua zaidi ya 30. Kila moja lina sababu zake, na mimi sisemi ni mzigo uliofanya hivyo. Ninasema kwamba mji unapobadilisha matumizi ya jengo bila kumwita mhandisi, unacheza na maisha ya watu waliolala chini. Biashara ya mtandaoni mnayoisifu imegeuza nyumba za Kariakoo kuwa maghala. Mnataka tuhamishie tabia hiyo Posta?

MFANYABIASHARA: Mzee wangu, umesema vizuri na umenitia hofu ambayo sikuwa nayo asubuhi. Lakini sikiliza unachoniambia kwa upande mwingine. Unasema ninafanya stoo kwenye sakafu ya kilo 150, wakati ng'ambo ya Mnazi Mmoja kuna sakafu za kilo 250 hazina mtu. Nipe chumba cha ofisi kule, niweke vijana, sampuli na kompyuta. Mzigo mzito nitaupeleka godauni Vingunguti au Ubungo. Ninaubana Kariakoo kwa sababu vyote vitatu vimo katika kodi moja. Nikipata pa kutenganisha, nitatenganisha.

MSANIFU: Hapo tunaelewana. Ofisi na sampuli, sawa. Duka la rejareja, ghorofa za chini tu, baada ya vipimo. Stoo, hapana.

MENEJA: Na mimi nina la kuwakumbusha kabla hamjagawana jengo langu. Machinga Complex, pale Karume. Ilijengwa kwa mkopo wa NSSF, ikakamilika karibu na mwaka 2010, vizimba kwa maelfu, dhamira nzuri kabisa. Kwa miaka mingi ghorofa za juu zilidoda, mkopo ukazidi kuvimba kwa riba. Wafanyabiashara walirudi barabarani kwa sababu mteja hapandi ngazi. Mfuko wa pensheni uliungua pale. Mnatutaka tuungue mara ya pili?

MFANYABIASHARA: Machinga anauza kwa mpita njia. Mpita njia hapandi, ni kweli, na mwaka 2021 machinga walipohamishwa kwa nguvu kutoka barabarani kila mtu aliliona hilo. Mteja wa jumla anapanda. Anapanda mpaka ghorofa ya nne Mtaa wa Kongo kwenye ngazi isiyo na taa, kwa sababu anajua bei iko juu. Tatizo la Karume ni kwamba aliyejenga hakuuliza ni biashara gani inakaa wapi. Na kama ni kukumbushana, nikukumbushe upande wenu. Mlituambia siku za soko zimekwisha, zimekuja siku za maduka makubwa yenye viyoyozi. Shoprite waliondoka 2014 wakamwachia Nakumatt. Uchumi wakafunga 2015. Nakumatt wenyewe hawakumaliza miaka mitano baada ya hapo. Game wakaondoka Mlimani City 2022. Jumia walikuja na biashara ya mtandaoni, wakafunga 2019. Kariakoo soko kuu liliungua Julai 2021, likafungwa kwa miaka, na mitaa yake haikulala hata wiki moja. Sasa Wachina wamefungua kituo cha biashara Ubungo, pale palipokuwa stendi ya mabasi kabla ya kuhamia Mbezi, maduka zaidi ya 2,000. Wao wamekata vipande vidogo. Wameona ninyi msichotaka kukiona, na msiposhtuka, mteja wangu wa Lubumbashi atateremka Ubungo asifike mjini kabisa.

Sauti hii ya Kariakoo ina ukali, na ninaipa haki yake. Orodha aliyoitaja si bahati mbaya ya kampuni moja moja. Duka kubwa linategemea mteja anayejaza toroli mara moja kwa wiki akiwa na gari la kubebea. Mteja wa namna hiyo yupo Dar es Salaam, lakini ni wachache, na wamegawanyika Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach. Ofisi kubwa nayo inategemea mwajiri anayetaka watu mia mbili wakae pamoja kutoka saa mbili hadi saa kumi na nusu. Huyo naye yupo, lakini hatoshi kujaza minara yote tuliyomjengea.

MTAALAMU WA PROGRAMU: Shikamoo Mwalimu, shikamooni wazee. Mimi ndiye huyo mfanyakazi ambaye kiti chake kimebaki kitupu. Naishi Goba. Kampuni yetu ilikuwa na sakafu nzima, korona ikaja tukarudishwa nyumbani, na kazi haikusimama. Waliporudisha watu ofisini walirudisha siku mbili kwa wiki, wakapunguza sakafu kuwa nusu. Nisingependa kurudi kwenye foleni siku tano. Lakini msidhani nyumbani ni peponi. Umeme ukikatika mchana ninahesabu dakika za betri. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, mtaa mzima ulikuwa na simu zisizo na kazi, wakati ofisi zenye njia mbili au tatu ziliendelea angalau kwa kuchechemea. Chumba changu cha kazi ndicho cha kulala, na mtoto wa dada yangu anajifunza kusoma kwa sauti nikiwa kwenye kikao na mteja. Ninachokitaka mimi ni meza. Meza moja, umeme usiokatika, intaneti, mlango unaofungwa, ninalipia kwa mwezi kwa simu. Iwe karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi.

MENEJA: Meza za kukodi zipo mjini.

MTAALAMU WA PROGRAMU: Zipo, na nyingi zimewekwa kwa mgeni wa mradi anayelipiwa na shirika. Za kijana anayelipa kwa mshahara wake mwenyewe ni chache. Na ukiniuliza ndoto yangu, ni kuishi hapa hapa mjini. Mwendokasi ya kwanza ilianza Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, jumla pamoja na matawi yake kilomita 20.9. Kila asubuhi inaleta watu Posta kwa makumi ya maelfu, kila jioni inawarudisha. Saa mbili usiku Samora hakuna mtu. Kwa nini tusilale hapa baadhi yetu?

MSANIFU: Kwa sababu binti yangu, mnara wa vioo si nyumba. Mzigo si tatizo, nyumba ni nyepesi kuliko ofisi. Tatizo ni mwili wa jengo. Katika ofisi, choo na mabomba vimekaa katikati kando ya lifti, sehemu moja kwa sakafu nzima. Nyumba kumi zinataka majiko kumi na vyoo kumi, kila kimoja na bomba lake la maji taka linaloteremka wima. Kutoka dirishani hadi kwenye lifti, ukipita mita saba au nane mwanga umekwisha. Chumba cha ndani kitakuwa kaburi. Madirisha mengi hayafunguki, na upande wa magharibi jua la saa tisa linapika vioo hivyo. Utaishi kwa kiyoyozi usiku na mchana. Utaweza LUKU ya namna hiyo?

MTAALAMU WA PROGRAMU: Wenzetu wanaweza. New York jengo la 25 Water Street limegeuzwa kutoka ofisi kuwa nyumba takriban 1,300.

MSANIFU: Limegeuzwa kwa kukata mashimo ya mwanga katikati ya jengo kuanzia juu hadi chini, na kwa kodi ya nyumba ambayo mwalimu wa shule hawezi kuilipa. Calgary, kule Kanada, mwaka 2021 mji wenyewe ulianza kumlipa mwenye jengo dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ili ageuze ofisi kuwa makazi. Jiji letu lina fedha hiyo? Lakini sikukatishi tamaa. Acha minara. Angalia majengo ya miaka ya 1950 na 1960 pale Samora, Jamhuri, Kisutu, Upanga. Ni membamba, yana vibaraza, yana vizuia jua vya zege, upepo wa bahari unaingia mbele unatoka nyuma. Yale yalichorwa na watu waliojua joto la hapa. Kizazi changu kilijifunza hilo kwa Beda Amuli, aliyelichora soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975: paa lake ni miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua na kuachia hewa ipite. Majengo membamba ya zamani ndiyo ya kugeuza nyumba. Na mengi yalikuwa nyumba.

MWALIMU: Ndiyo! Uhindini yote ilikuwa duka chini, familia juu. Nilipokuja mjini kama kijana, usiku kulikuwa na harufu ya bajia na watoto wanacheza kriketi vichochoroni.

MSANIFU: Na huo mpaka kati ya Posta na Kariakoo haukuletwa na biashara. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni kwao, katikati Wahindi, Kariakoo Waafrika, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuwatenganisha. Uhuru ukaja, tukaondoa sheria za rangi. Sheria ya 1971 ikataifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, familia nyingi za juu ya maduka zikaondoka, na mengi ya majengo hayo hatimaye yakaangukia mikononi mwa Shirika la Nyumba. Lakini umbo la mji tukaliacha vilevile. Upande huu kazi za karatasi na jioni kimya, upande ule msongamano. Sioni kwa nini tuendelee kuulinda mpaka ambao hakuna kati yetu aliyeuchora.

Maneno haya ya Msanifu yamenigeuza katika jambo moja. Nilikuwa nafikiri swali ni la wamiliki na bei peke yake. Sasa naona bei ndogo bila njia ya kupita haitoshi. Sakafu ya chini ya minara mingi ya Posta ina ukuta wa kioo, mlinzi, daftari la wageni na mashine ya kukagua mifuko. Mteja wa jumla mwenye mfuko mgongoni hatapita hapo hata kama juu kuna bei nzuri kuliko Kariakoo nzima. Fungua sakafu ya chini kwanza. Weka maduka yanayotazama barabarani, baraza lenye kivuli, mlango usiouliza jina. Ukumbi wa benki wa zamani, mpana na wenye dari ndefu, ndio mahali pa kuanzia.

MAMA LISHE: Mtaniwia radhi, sikualikwa, nimekuja kuchukua vyombo. Mnasema wizara zilihama. Mimi nilikuwa nawapikia. Sufuria mbili za wali zikawa moja, moja ikawa nusu. Siku mtakapofungua hizo sakafu za chini, naomba mtenge mahali pa jiko lenye maji na bomba la kutolea moshi. Msije mkafungua wote tukabaki sisi kwenye jua nje ya geti, mgambo akipita tunakimbia na masufuria ya moto. Watu wenu watakula wapi?

MSANIFU: Jiko nitalichora la kwanza, mama.

MENEJA: Hebu tushuke kwenye hesabu, maana bodi haisomi ndoto. Tuseme nina sakafu moja ya mita za mraba 600. Kwa bei ya shilingi 30,000 kwa mita, ikijaa inaniingizia milioni 18 kwa mwezi. Nikiigawa, njia za kupita, vyoo na ngazi za dharura zitakula sehemu kubwa. Nitabaki na mita 360. Vyumba 36 vya mita kumi kumi. Nikitoza laki saba kila kimoja ni milioni 25.2.

MFANYABIASHARA: Laki saba nalipa leo.

MENEJA: Subiri. Kugawa kunagharimu. Kubadili matumizi kunahitaji kibali cha mipango miji. Vyumba 36 ni wapangaji 36: huyu amechelewa, huyu amesafiri Guangzhou, huyu amempangisha shemeji yake bila kuniambia. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kampuni kubwa inakata yenyewe na kuleta risiti. Wadogo nitawafuata mmoja mmoja. Na kilemba! Nikiwapa chumba kwa laki saba, baada ya mwaka mtauziana kwa kilemba cha milioni ishirini, fedha isiyoonekana kwenye kitabu chochote cha mfuko. Ndiyo sababu ninataka mwunde chama, chama kisaini mkataba mmoja, kinilipe mimi kwa hundi moja.

MFANYABIASHARA: Hapo hapana. Chama kikisaini, mmoja akikimbia deni tutafungiwa milango wote. Mkataba wa kila mtu na jina lake. Kilemba unaweza kukiua mwenyewe: andika kwamba chumba hakihamishiki, anayeondoka anarudisha ufunguo kwako, na anayefuata anatoka kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Tunalipa kilemba kwa kuwa hatuna orodha, tuna madalali.

MTAALAMU WA PROGRAMU: Na ukusanyaji usikutishe, kaka. Kila mpangaji ana namba yake ya malipo, analipa kwa simu tarehe moja, asipolipa mfumo unamkumbusha. Hata kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye umeme, tangu 2021. Wapangaji 36 si wengi kwa kompyuta. Walikuwa wengi kwa karani mwenye daftari.

MSANIFU: Na ngazi mbili za dharura zibaki tupu, usiku na mchana. Boksi moja likionekana kwenye ngazi, mwenye chumba anaondoka. Hilo silipunguzii neno, mama, hata ukinilaumu.

MFANYABIASHARA: Sikulaumu, mzee. Andika na hilo.

MENEJA: Naweza kuomba bodi sakafu mbili. Ya chini, na moja ya juu yake. Kwa miezi kumi na minane. Zaidi ya hapo sitaahidi, kwa sababu thamani ikiandikwa upya kwa jengo zima, mwenye kubeba hasara ni Mwalimu.

MWALIMU: Mwenye kubeba nimeshabeba. Ombeni hizo sakafu mbili. Ila mimi nina sharti langu, na nitalipeleka kwenye mfuko kwa barua. Nataka ripoti ya mwaka ioneshe kila jengo kwa jina lake: lina mita ngapi, ngapi zimepangishwa, ngapi tupu, na zimekuwa tupu tangu mwaka gani. Msiniandikie jumla ya mabilioni ya thamani. Niandikieni kodi iliyoingia, kwa shilingi, mpaka tarehe 30 Juni. Na hizo sakafu mbili zenu za majaribio ziwe kwenye mstari wake peke yake, ili mwaka kesho tukikutana hapa tusibishane kwa midomo.